Tepu ya Kupimia Paji

Napima kila Jumapili, kwa tepu ileile
ninayopimia viuno vya sare za shule:
kutoka kwenye nyusi hadi nywele zinapoanzia.
Januari, inchi mbili na robo.
Agosti, inchi tatu kasoro uzi.
Nimeandika kwenye daftari la wateja,
kati ya sketi ya marinda ya mtoto wa Mama Lutfia
na kaptula mbili ambazo hazijalipiwa.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.
Mimi hakuna aliyeninyoa. Zilijiendea,
upande wa kushoto kwanza, pale Tekla wa saluni
alipozoea kuanzia kusuka, akivuta
mpaka nyusi zinapanda kama za mtu aliyesikia umbea,
nami nikisema: kaza, mama, zinifikishe Pasaka.

Ni Tekla huyohuyo aliyeniletea kichupa.
Kilitoka Kariakoo, kimeviringwa gazeti kama gongo.
"Matone asubuhi, matone usiku.
Ukiona kinawasha, ujue kinafanya kazi.
Dawa ya moto, si unajua mwenyewe."

Kikawasha.
Kikawasha usiku ule umeme ulipokatika,
feni ikapunguza mbio, ikasimama,
na joto la Manzese likanilalia
kama shangazi aliyekuja kwa siku mbili.
Jasho likaishusha dawa hadi machoni.
Nikalia bila kufiwa.
Baada ya wiki, ile mba iliyokuwa imelala tangu usichana
ikaamka, na watoto wake.
Magamba yakaanguka juu ya kitambaa cha bluu.
Mteja akatazama.
Nikayapuliza, nikasema ni chaki.

Mtu hujikuna ajipatapo.
Nilijipata kwa kitana, kwa kifuniko cha kalamu,
kwa ncha ya mkasi.
Ndiyo, mkasi. Nikaona damu kwenye kucha
nikavaa kilemba, nikaendelea kupiga pindo.

Daktari Nsajigwa alinigeuza kichwa taratibu
kama anayechagua tikiti na hataki kulitoboa.
Hakucheka. Kichupa alikinusa, akakiweka mbali.
"Fundi, kitambaa kikichanika,
unadarizi ua juu ya tundu?"
Nikasema hapana, naziba kwanza.
"Basi."

Kwanza ngozi. Wiki sita za shampuu yenye harufu ya lami,
vidole tu, kucha hapana.
Ndipo povu, lisilo na kile kilichoniunguza,
tone nyuma ya sikio, siku mbili za kungoja
kama anayengoja majibu ya posa.
"Zitapukutika zaidi mwanzoni. Usikimbie.
Penye vishina, tutajaribu.
Pale palipoteleza kama kioo,
sitakudanganya."
Nilimpenda kwa hilo la mwisho
kuliko yote aliyoandika kwenye karatasi.

Zilipukutika. Kwenye mto, kwenye sabuni,
moja ndani ya ugali, mume wangu akaitoa
akaiweka ukingoni mwa sahani, akaendelea kula.
Hatukuongea. Usiku akanishikia tochi ya simu
nipake povu bila kukosea mstari.

Juzi Eliwaza anataka kusuka kwa ajili ya mahafali.
Nikamsindikiza, nikakaa kwenye benchi, macho kwenye mikono ya Tekla.
Kila alipovuta nikasema: legeza.
"Zitafumuka kabla ya wiki."
Legeza.
Mtoto akaona haya. Akanitazama kwenye kioo,
akatazama kilemba changu,
akasema yeye mwenyewe: dada, legeza kidogo.

Leo Jumapili. Inchi tatu kasoro uzi.
Hazijaongezeka, hazijapungua.
Ila hapa kushoto, nikiinamia mwanga wa dirisha,
kuna vitu vitatu vyeusi, labda vinne,
vyembamba. Huenda ni nyuzi za kaptula,
kazi hii nyuzi zinanipanda hadi kwenye kope.
Nikashika kimoja kwa kucha mbili,
nikakivuta.

Kiliuma.